Viti vya Plastiki kwa Matanga ya Wanorsi

Mnaniuliza Grinlandi kulikuwaje, na nitafika huko, lakini lazima nianze na redio ya Mzee Tambwe pale Kalemie. Mzee Tambwe alikuwa fundi wa reli, na redio yake ilikamata stesheni moja tu, na lugha ya stesheni hiyo hatukuijua. Haikuwa Kifaransa, haikuwa Kilingala. Padri mwenyewe alikuja akaisikiliza, akakuna kichwa, akaenda. Lakini jioni tulijaa uani kwake, maana redio ni redio. Siku moja yule mtangazaji akaanza kusema polepole, kwa sauti nzito, anatulia, anasema tena. Mama Tambwe akasema, "Kuna mtu amekufa kwao." Jirani akasema ni mtoto, inasikika kabisa kwamba ni mtoto, na akaanza kulia. Wakalia wote. Tukakaa pale siku tatu. Bugali ilipikwa, samaki walipikwa, watu wa mtaa wa pili wakaleta kuni bila kuuliza. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, nikapewa kazi ya kukaa karibu na redio, ili marehemu akitajwa jina niwaite wakubwa. Hakutajwa. Siku ya nne mtangazaji alikuwa anacheka, na watu wakamkasirikia sana, wakasema huyu hana heshima, wiki haijaisha.

Kwa hiyo kulilia watu nisiowajua nilianza mapema. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kusoma kwa sauti nilijaliwa. Hapa Johannesburg mchana mimi ni fundi cherehani Bertrams, mnajua, lakini Mkongomani akifa upande wetu huu, mimi ndiye naitwa kusoma historia ya marehemu. Historia ina mpangilio wake. Alizaliwa wapi, na nani, alioa nani, aliacha watoto wangapi, alikufa na nini. Hiyo ya mwisho ndiyo watu wanaisubiri. Wengine wanasinzia kwenye viti, nikifika hapo wanaamka wenyewe. Marehemu asiye na sababu ya kifo simsomi.

Ndiyo maana nilimkatalia Mama Neema. Mama Neema ni yule anayesuka nywele hapa Troyeville, na mume wake alikuwa Deo, mlinzi wa duka la jumla mjini. Jumanne moja Deo alitoka nyumbani, na mwaka huo wa safari yangu, 2017, ilikuwa inaingia miaka minne. Hospitali hakuonekana, polisi hawakuwa naye, chumba cha maiti hakuwepo, Kalemie hakufika. Kanisani Mama Neema hakujua akae na wajane au akae na wenye waume, akawa anakaa mlangoni. Akaja kwangu, akasema, "Papa Kalunga, nisomee Deo tufanye matanga yaishe." Nikamwuliza, Deo alikufa na nini? Akasema hajui. Nikamwambia kumlilia mtu ambaye labda yuko hai ni kumwua, na mimi si muuaji.

Wiki mbili baadaye akaja Daktari Wanjiru. Huyu ni Mkenya, anafundisha chuo kikuu, anaishi Sandton, na alikuwa anakuja kwenye matanga yetu na daftari kuandika tunavyolia. Alisema kuna mji mdogo Grinlandi ambao makumbusho yao yanataka kufanya siku ya kuwakumbuka watu waliopotea huko miaka mia sita iliyopita, na wanaalika watu wanaojua mambo ya misiba kutoka nchi mbalimbali. Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Yeye ndiye alihangaika, mimi nilitia sahihi pale kidole chake kilipoonyesha.

Troyeville mpaka uwanja wa ndege

Siku ya kuondoka Mama Neema alinibebea begi mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani za kona. Taa zilikuwa nyekundu. Akasema, "Papa, hao Wazungu kuna mtu aliona maiti zao?"

"Sijui, sijafika."

"Deo ni miaka minne tu. Unapanda ndege kulilia watu wasioonekana, na mtu aliyekula mezani kwako unamkatalia."

Taa zikawa kijani, nikavuka. Nilipofika ng'ambo ndipo nikaona begi limebaki mkononi mwake. Ikabidi nisubiri taa zigeuke, nirudi.

"Nikirudi nitakujibu," nikamwambia.

"Sawa, Papa. Kungoja mimi nimeshajifunza."

Kwenye ile treni ya kasi toka Sandton nilimwomba Daktari anieleze tena hao watu, kwa sababu msomaji hawezi kufika msibani hajui ukoo.

"Mzee, si nilikueleza mara tatu?" Lakini akaeleza. Waliitwa Wanorsi. Kiongozi wao alifukuzwa kwao kwa sababu ya kuua watu. Akasafiri, akaona nchi imejaa barafu, akaiita Nchi ya Kijani ili watu wapende kumfuata.

"Na wakamfuata?"

"Kwa meli nyingi. Zingine hazikufika."

Nikamwambia huyo mtu tunamfahamu, alipita Kalemie pia, ndiye aliyetuambia Johannesburg dhahabu inaokotwa. Daktari akaandika hiyo.

Basi Wanorsi wakakaa huko zaidi ya miaka mia nne. Wakafuga ng'ombe na kondoo, wakajenga makanisa, wakawa hata na askofu wao. Walikuwa wanauza Ulaya pembe za mnyama mkubwa wa baharini, na hata sadaka ya kanisa walilipa kwa pembe. Baadaye meli zikapungua. Askofu akafa, hakuletwa mwingine. Habari ya mwisho iliyoandikwa ni ya harusi, katika kanisa la mawe la Hvalsey. Bwana na bibi harusi wenyewe walihama baadaye wakaenda Aisilandi. Baada ya hapo kimya. Watu walipokuja kuangalia walikuta kuta.

"Harusi," nikasema. "Angalau walikula."

Mpaka Kopenhageni

Ndani ya ndege nililala, naruka. Kopenhageni kuna kijana wa kukagua wageni, amekaa nyuma ya kioo, ananyoosha Kiingereza chake kama anakipiga pasi. Akaniuliza nimekuja kufanya nini. Kiingereza changu ni cha kupima suruali, lakini hilo nilijua kulijibu. Nikasema msiba.

Akabadilika uso, akasema pole. Nani amefariki?

"Kijiji kizima."

Akaweka kalamu chini. "Lini?"

"Kama miaka mia sita."

Akaita mwenzake. Mwenzake akaniuliza yale yale, nikamjibu yale yale, naye akaita mwanamke mwenye cheo. Daktari Wanjiru alikuwa mstari mwingine, akaja mbio, akazungumza nao Kiingereza cha Sandton mpaka wakacheka. Yule kijana akanirudishia pasipoti kwa mikono miwili, kama tunavyofanya sisi, akasema tena pole. Alikuwa na malezi.

"Mzee, next time sema tu utalii," Daktari akaniambia.

"Nidanganye msiba?"

Tukaenda kungoja mabegi. Lake likaja, langu halikuja. Ndani yake kulikuwa na suti yangu nyeusi ya kusomea, niliyoishona mwenyewe, na koti zito alilonipa mchungaji. Nilibaki na shati la mikono mifupi. Daktari alikuwa na makoti mawili, akanipa moja, la zambarau, la kike, lenye mkanda kiunoni. Nililegeza mshono wa kwapa kwa kisu cha mkate pale hotelini na lilikaa vizuri kuliko nilivyotegemea.

Mama Neema akatuma sauti kwenye simu: "Papa, umefika? Uwaulize walikufa na nini."

Ukungu

Ndege ya kwenda Narsarsuaq, kusini mwa Grinlandi, ilifika juu ya Narsarsuaq, ikazunguka, ikaondoka. Ukungu. Tukapelekwa uwanja mwingine mbali kaskazini, tukakaa huko siku mbili katika jengo moja refu, na hapo ndipo nilipokutana na chakula chao.

Walituletea supu ya sili, yule mnyama wa baharini mwenye masharubu. Ina mchele, ina vitunguu, nikasema hapa nitaishi. Nyama yenyewe ni nyeusi, na ina ladha ya ng'ombe aliyelala kitanda kimoja na samaki. Nilikula sahani mbili. Daktari alipewa vipande vya ngozi ya nyangumi, mbichi, na kwa sababu ni mtu wa heshima hakuweza kutema mbele ya watu. Alitafuna toka chakula cha mchana mpaka tukaitwa kwenda kuangalia ndege, ndege ikawa haipo, akarudi bado anatafuna. Nikimwuliza jambo ananijibu kwa macho.

Mezani petu walikaa maprofesa wawili waliokuwa wanaenda kwenye siku ile ile. Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Nikawaza hapa pazuri, hawa ndio watakaonipa sababu ya kifo. Nikamwomba Daktari aniulizie.

Yule mrefu akasema ni baridi. Nchi ilizidi kuwa baridi, majani hayakuota, ng'ombe wakafa. Yule mfupi akaweka kijiko chini, akasema baridi hata Inuiti, wenyeji wa huko, waliiona, mbona wao wapo hapa na ndio waliotupikia? Akasema ni biashara. Ulaya waliacha kununua zile pembe za baharini. Yule mrefu akamwuliza kwa nini waliacha. Yule mfupi akasema kwa sababu walipata pembe za tembo, nzuri zaidi, nyingi.

"Kutoka wapi?" nikauliza.

Daktari akaacha kutafuna. Alimwangalia mfupi, mfupi akaniangalia mimi.

"Kutoka Afrika, Mzee," akasema Daktari.

Ninyi mnajua matanga yetu. Siku ya pili lazima mtu anyooshewe kidole, na mara nyingi ni mjomba aliyekaa kimya kwenye kona. Nimesoma historia za watu mia na zaidi, sijawahi kuwa mjomba. Nikasema kwamba kwetu Kalemie tembo ni wachache na ukoo wetu ni wavuvi. Yule mfupi akasema hanilaumu mimi. Lakini jioni nilimwona anamweleza mtu mwingine, wanageuka wananitazama, na mimi nimevaa koti la zambarau.

Kwa boti ya Malik

Ukungu ulipoondoka tukafika Narsarsuaq, na hapo tukapokelewa na mwenye boti, mtu mfupi mwenye mabega, anaitwa Malik. Niliposikia Malik nilifurahi, nikampa asalamu alekumu kwa mikono yote. Akaipokea vizuri, akanipa mkono. Baadaye ndipo Daktari akanijulisha kwamba Malik ni jina la kwao kabisa na lina maana ya wimbi. Lakini hakunisahihisha, na mpaka tunaachana kila asubuhi alinisalimu hivyo hivyo, kwa hiyo Uislamu umefika kule kwa mkono wa mzee wa kanisa la Troyeville.

Boti inapita kati ya milima ya barafu inayoelea. Mingine ni mikubwa kama yale majengo ya hapa mjini yenye kanisa kila ghorofa, na ni ya buluu ndani. Mara tatu Malik alizima injini tukangoja kipande kipite. Hakuna wa kumpigia honi.

Malik anafuga kondoo, mahali palepale walipofuga Wanorsi. Akamwuliza Daktari kama mimi ni ndugu wa marehemu. Daktari akasema hapana, ni msomaji wa misiba. Malik akafikiri, kisha akasema maneno ambayo Daktari alinitafsiria hivi: "Kila kiangazi wanakuja watu kuniuliza wale walienda wapi. Sisi tulikuwa hapa, na bado tuko hapa. Hakuna anayeuliza tulibakije."

"Mlibakije?" nikamwuliza.

Akacheka, akasema nikae katikati ya boti, nimeielemeza upande.

Mjini Qaqortoq, penye yale makumbusho yaliyotualika, nyumba zimepakwa rangi zote, nyekundu, kijani, njano, kama vitambaa vya duka la jumla. Tulipewa siku moja ya matayarisho, na hapo nikauliza viti viko wapi.

"Viti gani?" akasema Daktari.

"Vya plastiki. Vyeupe."

"Mzee wangu, ni kanisa la mawe, la kale sana, halina hata paa. Watu watasimama kidogo tu."

"Watasimama msibani? Kama watu wa foleni?"

Alijua hapo sisogei. Nimesoma misiba ya watu wasio na jeneza, lakini bila viti vya plastiki sijasoma, maana asipokaa mtu hajakuja kulia, anapita tu. Tukazunguka mji mzima. Kanisani wana mabenchi yaliyopigiliwa sakafuni. Shuleni ni vya mbao. Mwishowe Malik akakumbuka ukumbi wa mpira, tukapata kumi na viwili, vyeupe, kimoja kimevunjika mguu. Tukavifunga kwenye boti, kimoja juu ya kingine, na kesho yake tukaondoka navyo kati ya barafu. Meli ya watalii ilipita karibu nasi. Wote walihama upande mmoja wa meli kutupiga picha.

Hvalsey

Kanisa linasimama peke yake kwenye majani, karibu na maji. Kuta zote nne zipo, madirisha yapo, mlango upo, paa hakuna. Kondoo wawili walikuwa ndani na hawakutaka kutoka. Malik akawatoa. Tukapanga viti.

Watu walikuja kama thelathini. Wale wa nchi nyingine walianza. Mama mmoja aliimba, mwingine aliwasha mishumaa na upepo ukaizima, akawasha, ukazima. Wazee wa mji wakakaa kwenye viti vyangu na nikaona wameridhika. Manyunyu yalikuwa yanaanguka kwa ubavu.

Nikasimama. Nikasoma kwa Kiswahili, Daktari akitafsiri. Nikasema walizaliwa Norwei na Aisilandi, wana wa mtu aliyefukuzwa. Nikasema walifuga ng'ombe mahali ambapo ng'ombe alilazimika kulala ndani nusu ya mwaka. Nikasema waliacha kuta nzuri, fundi wake alijua kazi. Watoto waliowaacha hawajulikani. Kisha nikafika pale. Nikaona hata wao, watu wasiojua desturi yetu, wameinua vichwa.

"Walikufa na," nikasema, nikaishia hapo.

Yule profesa mrefu akasema baridi. Hakusema kwa nguvu, ilimtoka. Yule mfupi akasema biashara. Mrefu akasema huwezi kula biashara, mfupi akasema wala huwezi kuuza baridi, na wote wawili wakasimama, kiti chenye mguu mbovu kikaanguka. Mtu wa tatu akataja maharamia. Mama wa mishumaa akataja tauni. Yule mfupi akanigeukia, akasema, "Mzee, na wewe sema ule upande wa tembo." Nikaona zamu yangu ya kuwa mjomba imefika. Nikasema kwa niaba ya tembo naomba radhi, hawakujua. Watu wengine walipiga makofi, sijui kwa nini.

Hawakunyamaza. Malik alikuwa mlangoni na birika kubwa la chai, ameloa. Akasema jambo kwa sauti ya kawaida.

"Anasemaje?" nikamwuliza Daktari.

"Anasema labda hawakufa na kitu. Labda waliondoka. Vijana kwanza, halafu mmoja mmoja, na wa mwisho akaondoka."

"Kuondoka si sababu ya kifo."

Daktari akamweleza. Malik akajibu.

"Anasema andika tu waliondoka, chai inapoa."

Nikaangalia karatasi yangu, imelowa, wino umetembea. Nikasoma: waliondoka. Nikangoja mtu apinge. Maprofesa wakatazamana. Mzee mmoja wa mji akatikisa kichwa kukubali, akavua kofia, na wengine wakavua. Tukanywa chai, na mkate wa zabibu.

Kurudi Troyeville

Kurudi hakukuwa na ukungu, kwa hiyo hakuna cha kusimulia, ila begi langu nililikuta Kopenhageni limekaa peke yake linanisubiri. Daktari alisema koti nibaki nalo.

Mama Neema alikuwa anasuka nywele za mteja nilipoingia. Hakuacha kusuka. "Papa. Wale walikufa na nini?"

"Waliondoka."

"Na ukawasoma?"

"Nikawasoma."

Vidole vilisimama. Mteja akainua kichwa, akakirudisha.

"Leta viti Jumamosi," nikamwambia.

Kaka yake Deo, Floribert, alikuja kwangu Alhamisi, amekasirika, akaniuliza, "Na akirudi, Papa? Tutamwambia nini?"

"Akirudi atanisahihisha pale nilipokosea. Nitafurahi."

"Hiyo si mila."

"Eish, Floribert. Wewe una mila nyingine ya kumpa huyu mama?"

Akakaa. Akaniomba chai. Mwishowe ndiye aliyenieleza mambo ya utoto wa Deo. Siku zilizobaki nilizitumia kuuliza majirani, mlango kwa mlango.

Jumamosi mchana uani palijaa. Mama Neema alikaa mbele kwenye mkeka na wajane wenzake, na binti yake Neema, anayesikia Kiswahili lakini anajibu kwa Kizulu, alimlalia begani. Mlikuwepo, wengi wenu. Nilivaa suti nyeusi. Nikasoma kwamba Deo alizaliwa Kalemie, mtoto wa pili, kwamba alimwoa Mama Neema hapa hapa, aliacha mke mmoja na mtoto mmoja, kwamba alivaa kofia hata ndani ya nyumba na alikuwa hodari wa kukaanga samaki. Nikafika pale. Waliosinzia wakaamka.

Nikasoma: Jumanne hiyo alirudi kutoka kazini asubuhi, akala mkate, akanywa chai. Aliomba sukari, ikaletwa. Aliweka kikombe kwenye beseni. Alimwambia mtoto afunge kamba za viatu. Akavaa koti, akarudisha geti nyuma yake, akapita mbele ya spaza, mwenye duka akamsalimu, akamjibu vizuri. Alionekana akishika barabara ya kushuka mjini, mikono mfukoni, hana haraka. Akaenda zake, na hakurudi.